Nyumba Leicester, nyumba Mombasa, shamba Pemba: niandike wasia upi?

Assalamu alaykum mshauri wetu,

Mimi ni mwanamume wa miaka 61, mzaliwa wa Mombasa, na naishi Leicester tangu 1997. Mke wangu tulioana Mombasa mwaka 1992, kadhi akafungisha nikaha na cheti tunacho. Tuna mabinti wawili. Mkubwa ameolewa, mdogo yuko chuo kikuu. Tumelea pia kijana wa kiume, mtoto wa marehemu dada yake mke wangu, aliyekuja kwetu akiwa na miaka 4. Leo ana 19. Hatukumuasili mahakamani, lakini hajui baba mwingine ila mimi.

Mama yangu yu hai, yuko Mombasa pamoja na mdogo wangu wa kiume na dada yetu. Baba alifariki 2009.

Mali yangu ni hii. Nyumba ya hapa Leicester ina thamani ya pauni 300,000, mkopo uliobaki ni 40,000, na hati ina majina yetu wawili, mimi na mke wangu, ambaye naye amefanya kazi na kulipa miaka yote. Akiba benki ni 38,000. Mombasa nina nyumba ya Kiswahili Majengo, ni nyumba bila ardhi, nadhani ikiuzwa inafika pauni 36,000. Pemba tuna shamba letu la mikarafuu aliloacha baba, mdogo wangu ndiye anayelisimamia na kuuza karafuu. Ipo pia pensheni ya kazini, nilijaza jina la mke wangu. Deni ninalo moja, pauni 8,000 za rafiki yangu, kwa kuaminiana, hakuna karatasi.

Mwaka 2014 niliandika wasia kwa wakili Mombasa kwamba thuluthi ya mali yangu yote iende kwenye madrasa niliyosomea. Halafu 2023 nikachukua fomu ya wasia wa Kiislamu kwenye intaneti, nikaijaza kwa Kiingereza. Imeandikwa kwamba nafuta wasia zangu zote za nyuma, kwamba nyumba ya Majengo apewe kijana wangu, na kilichobaki kigawanywe kwa sharia. Nilitia sahihi hapa nyumbani, mke wangu akawa shahidi wa kwanza. Shahidi wa pili ni mdogo wangu, aliweka sahihi yake miezi minne baadaye nilipokwenda Mombasa.

Sasa nimechanganyikiwa. Mdogo wangu ananiambia, "Wewe huna mtoto wa kiume, mali yako kwa sharia inarudi kwetu." Mtu mwingine msikitini anasema Uingereza haitambui nikaha, kwa hiyo mke wangu hatapata kitu. Mke wangu si msemaji, lakini juzi tukiwa jikoni aliniuliza, "Ukitangulia wewe, mimi nitalala wapi?" Sikuwa na jibu. Nataka nikutane na Mola wangu nikiwa nimegawa kwa haki, na sitaki mke wangu atolewe nyumbani kwake. Je, naweza kuandika wasia mmoja utakaokubalika kote?

Baba wa Mabinti, Leicester

*

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu Baba wa Mabinti.

Umeniandikia kwa mpangilio ambao mawakili wengi wangetamani wateja wao wawe nao, na hilo limenirahisishia. Nikikuelewa sawa, maswali yako ni matatu, ila yamefungwa pamoja. La kwanza ni karatasi: ulizonazo zinasimama au hazisimami? La pili ni mafungu, nani anarithi nini. La tatu ndilo lile la jikoni. Wewe umeanza na karatasi. Mimi naomba tuanze na kitu kingine kabisa: kipi hasa ni chako? Naona humo ndimo hofu nyingi zilimozaliwa.

Umesema "nyumba yangu ya Leicester". Lakini mkeo amelipa miaka yote na jina lake liko kwenye hati. Nusu yake ni milki yake leo, ukiwa hai. Hairithi kwako, na ndugu zako hawana njia ya kuigusa. Thamani ikiwa 300,000 na mkopo 40,000, zinabaki 260,000. Zako ni 130,000.

Shamba la Pemba nalo umeliita "letu", na neno hilo ni sahihi kuliko ulivyokusudia. Tangu 2009 halijagawanywa. Kama warithi wa baba yako ni mama, wewe, mdogo wako na dada yenu, basi mama ana thumni (moja ya nane), na kilichobaki mnagawana mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Likikatwa mafungu 40, mama ana 5, wewe 14, mdogo wako 14, dada yenu 7. Hayo 14 ndiyo unayoweza kurithisha. Angalia pia kwamba Pemba ardhi na mikarafuu vinaweza kuwa na wenyewe tofauti, kwa hiyo karatasi za mirathi zitaje miti na ardhi kila kimoja peke yake. Na stakabadhi za kuuza karafuu ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, hata zikiwa na jina la mdogo wako miaka yote, ni stakabadhi za mauzo, si hati ya umiliki. Simtuhumu. Lakini mkifa nyinyi wawili, watoto wenu watakuwa na stakabadhi hizo tu mkononi. Mirathi ya baba ifunguliwe Zanzibar kwa kadhi na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, mama akiwa bado anaweza kusema nani ni nani. Kabla ya hapo, wasia wako juu ya shamba hauna pa kushika.

Majengo hali ni nyingine. Nyumba bila ardhi maana yake wewe una kuta na paa, na mwenye kiwanja ni mtu mwingine unayemlipa kodi ya ardhi. Fomu za Kiingereza hazijui kitu kama hicho. Ukiandika "kiwanja changu na nyumba iliyo juu yake", umetoa usichokuwa nacho, na mwenye ardhi ana sababu ya kupinga. Iandikwe kwamba ni nyumba bila ardhi, mtaa gani, imepakana na nani, na kiwanja ni cha nani. Kwenye bahasha hiyohiyo tia mkataba ulionunulia nyumba na risiti za kodi ya ardhi za miaka ya karibuni. Na mwenye ardhi amjue kijana mapema. Risiti zikikatika baada ya wewe kufa, nyumba hiyo ina matatizo hata kama wasia umeandikwa kwa dhahabu.

Sasa tupige hesabu. Nusu ya Leicester 130,000, akiba 38,000, Majengo 36,000, jumla 204,000. Pemba tumeiweka kando mpaka igawanywe. Toa deni la rafiki 8,000, na tukadirie 4,000 za mazishi. Zinabaki 192,000. (Kama mahari ya mkeo hayakutolewa yote, hilo nalo ni deni. Na kama Hija ilikuwajibikia hukwenda, kwa Shafi gharama yake hutolewa kabla ya wasia na mirathi.) Thuluthi ya 192,000 ni 64,000. Huo ndio mpaka wako wa kumpa asiye mrithi, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia Saad bin Abi Waqqas kwamba hata hiyo thuluthi ni nyingi.

Kijana wako hana fungu katika mirathi yako, si kwa sharia, na kwa sheria ya England pia hana akikosa kuandikwa, kwa kuwa hamkumuasili. Wasia ndio njia yake. Nyumba ya Majengo ni 36,000, iko ndani ya thuluthi. Unaweza kumpa yote bila kuomba ruhusa ya mtu.

Zinabaki 156,000 za warithi. Mkeo thumni, mama sudusi (moja ya sita), mabinti thuluthi mbili, na kinachobaki ni cha mdogo wako na dada yenu kwa uasaba, yaani wao huchukua baada ya wenye mafungu maalumu. Mafungu ni 24: mkeo 3, mama 4, kila binti 8, nduguzo wawili fungu 1 tu. Kwa pauni, mkeo 19,500, mama 26,000, kila binti 52,000, na nduguzo kwa pamoja 6,500, ambazo mdogo wako atachukua kama 4,333 na dada yenu 2,167.

Mdogo wako aliposema mali inarudi kwao, huenda amesikia habari ya asaba akadhani asaba huchukua kwanza. Asaba huchukua mwisho, kinachobaki. Ila hesabu hii ni ya leo. Mama akitangulia, Mungu ampe umri, sudusi yake inaangukia kwa nduguzo na fungu lao linakuwa 5 kati ya 24, yaani 32,500. Ndiyo maana wasia wa Kiislamu hauandikwi kwa namba. Warithi hujulikana siku ya kifo. Unaandika kanuni, kisha unataja ni madhehebu gani, na nani atakayetoa cheti cha mafungu, na yeye asipokuwepo ni nani badala yake. Ukiandika "kwa sharia" peke yake, kama fomu yako, jaji wa Kiingereza hana pa kuanzia, na wasia unaweza kuanguka kwa kutoeleweka.

Nikaha nayo. Uliyoambiwa msikitini yana ukweli, lakini si kwako. Nikaha iliyofungwa England bila ndoa ya serikali haimfanyi mwanamke kuwa mke mbele ya sheria ya huko, na imewaumiza wengi. Yako ilifungwa Kenya, na ndoa iliyo halali mahali ilipofungwa hutambuliwa England. Cheti cha 1992 kitunzeni kama mnavyotunza pasipoti.

Tuje kwenye karatasi zako. Fomu ya 2023, kwa Sheria ya Wasia ya England ya 1837, ina kasoro mbili. Mashahidi wawili wanatakiwa wawepo pamoja, wakati mmoja, wakikuona ukitia sahihi au wewe ukikiri mbele yao kwamba sahihi ni yako, ndipo nao watie zao. Wako wamepishana kwa miezi minne na bahari. Pili, shahidi ambaye yeye au mwenzi wake ameachiwa kitu hupoteza alichoachiwa, ingawa wasia wenyewe hausimami au kuanguka kwa hilo. Kwa kutaka kumheshimu, umemweka mkeo mahali ambapo angepoteza fungu lake, na mdogo wako hali kadhalika. Uko mlango mwembamba: Sheria ya Wasia ya 1963 inakubali wasia uliofuata taratibu za nchi ya uraia wa mtu, na kwa Mwislamu wa Kenya taratibu ni nyepesi. Wakili anaweza kujaribu kupita hapo. Lakini hiyo itakuwa ni kesi, na wa kuiendesha ni mjane wako.

Ikionekana fomu ni batili, na ule wa 2014 nao usiposimama, England utahesabiwa umekufa bila wasia. Hapo ndipo naomba usome taratibu, kwa sababu hofu yako imekaa upande usio wake. Hati ikiwa ni ile ya umiliki wa pamoja ambao anayebaki huchukua yote, nyumba nzima inakuwa ya mkeo dakika unayofariki, haipiti hata kwenye mirathi. Akiba nayo: mke asiyeachiwa wasia huchukua pauni 322,000 za kwanza kabla watoto hawajapata kitu, kwa hiyo 38,000 zote ni zake. Mkeo hatolewi. Wasiopata kitu England ni mabinti zako na mama yako.

Mombasa mambo yanageuka. Kifungu cha 2(3) cha Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kinasema mirathi ya Mwislamu huongozwa na sheria ya Kiislamu. Nyumba ya Majengo itagawanywa kwa faradhi, yaani mafungu ya sharia, hata usipoandika neno, na kijana atatoka mikono mitupu.

Na fomu ikionekana ni halali? Yale maneno "nafuta wasia zangu zote za nyuma" yameua wasia wa 2014, na madrasa imekosa. Sijui kama ulikusudia hivyo. Zikisimama zote mbili kwa bahati, utakuwa umeusia thuluthi nzima, 64,000, kwa madrasa, na nyumba ya 36,000 kwa kijana. Jumla 100,000, na mpaka ni 64,000. Warithi wasiporidhia ziada hiyo, kila mmoja hupunguziwa kwa kiasi chake: madrasa 40,960 na kijana 23,040. Maana yake kijana ana asilimia 64 ya nyumba, na ili wengine wapate haki zao itabidi iuzwe. Hesabu hii mahakama ya England haitaipiga, na kadhi wa Mombasa hataiona akaunti ya Leicester. Amua wewe kwanza: kama nyumba inakwenda kwa kijana, kwenye thuluthi yako imebaki nafasi ya 28,000 tu kwa madrasa au sadaka nyingine.

Umeuliza kama wasia mmoja unaweza kukubalika kote. Unaweza, na faida yake ni kwamba thuluthi inahesabiwa mara moja, mahali pamoja. Uzito uko kwenye mwendo: kibali cha mahakama ya England kitoke kwanza, nakala zake zithibitishwe, kisha zipelekwe Mahakama Kuu ya Kenya kugongwa muhuri wa huko chini ya kifungu cha 77 cha Sheria hiyohiyo ya Urithi, na Zanzibar kwa njia yake, kwani Zanzibar ina mahakama zake. Nyumba ya Majengo itangoja Leicester imalize. Na bado mali isiyohamishika itafuata sheria ya nchi iliyoko, hata wasia useme nini.

Njia nyingine ni wasia mbili, mmoja wa mali ya England na Wales, mmoja wa mali ya Kenya wenye wasii (msimamizi wa wasia) wake Mombasa, na wa Zanzibar uje baadaye shamba likigawanywa. Hizi zinaweza kutembea kwa wakati mmoja. Hatari yake unaijua tayari, ni lile sentensi la kufuta. Kila wasia ufute wasia za mali ya nchi yake peke yake, uutaje mwenzake kwa tarehe, na useme deni lipi linalipwa na mali ipi. Ukitaka kumpa mtu kiasi maalumu, kiandike kwenye wasia mmoja tu, na ueleze kwamba thuluthi inahesabiwa kwa mali yote ya dunia. Mtu wa kutoa cheti cha mafungu awe mmoja kwa wasia zote. Wapo wanaoona mbili ni usumbufu. Kwa mtu mwenye nyumba bila ardhi, mimi naona wasii anayeweza kwenda kwa mguu kwa mwenye kiwanja ni jambo kubwa, lakini wewe ndiye unayejua una mtu wa namna hiyo Mombasa au huna.

Kuhusu kutia sahihi, tafuta wanaume wawili Waislamu, watu wazima, wasio warithi. Wakwe hawafai: mume wa binti yako akishuhudia, binti anapoteza fungu. Mashahidi wa aina hiyo watakubalika kwa mwanasheria wa Kiingereza na kwa kadhi. Kaeni chumba kimoja, mlango ufungwe, asitoke mtu mpaka sahihi tatu zimekauka, kila mmoja na anwani yake na tarehe. Kurasa zipewe namba. Zikishapigwa pini msizibandue hata kutoa fotokopi, kwa sababu tundu za pini zisizo na pini humfanya msajili aulize ni karatasi gani iliyotolewa. Deni la rafiki yako liandikwe na nyote wawili mtie sahihi, kwani wasii hawezi kulipa kilichokuwa moyoni mwako. Kodi ya mirathi ya Uingereza nayo huhesabu mali yako popote ilipo, kwa kuwa umeishi huko zaidi ya miaka 10 kati ya 20 iliyopita, lakini huanzia juu ya pauni 325,000. Wewe uko chini, usiisumbukie.

Limebaki la jikoni, na hapa sikuchagulii.

Mnaweza kuacha hati ilivyo. Mkeo atalala kwake bila kuuliza mtu. Lakini wapo wanazuoni wanaosema kumpa mrithi kwa njia hiyo ni kama kumuusia, na wengine wasiporidhia, ile nusu yako inabaki kuwa amana mikononi mwake. Je, unataka kumwachia mzigo huo siku za eda? Na kama hajui hukumu hiyo, mama yako atakosa sudusi yake bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Mnaweza kuitenganisha, kila mmoja awe na fungu lake. Si jambo gumu: unampa mkeo notisi ya maandishi, kisha fomu SEV inapelekwa Masjala ya Ardhi. Hapo 130,000 zako zinaingia kwenye wasia. Mkeo atakuwa na nusu yake pamoja na 19,500, na pensheni ambayo wadhamini kwa kawaida huilipa kwa jina ulilojaza, ingawa wanazuoni hawakubaliani kama nayo ni mirathi. Wenye sehemu wengine watakuwa mabinti, mama na nduguzo. Mabinti hawamtoi mama yao, utasema. Mimi pia naamini hivyo. Lakini binti akidaiwa, au akiachika na mali ikagawanywa, anayegonga mlango si binti, ni mdai wake.

Unaweza kumuusia mkeo haki ya kukaa humo maisha yake. Yeye ni mrithi, kwa hiyo linahitaji ridhaa ya wenzake, na ridhaa yenye nguvu ni ile ya baada ya kifo. Ya leo ni ahadi. Hata hivyo ongea na mabinti leo, na uwaandikie barua ya kueleza nia yako. Au umpe hiba sehemu ya nusu yako sasa, ukiwa mzima, ihamishwe kweli kwenye hati. Hiba ya ugonjwa wa mauti huhesabiwa kama wasia. Ukifanya hivyo, ujue ni yake moja kwa moja, ya kuuza au kukaa, mkielewana au msipoelewana. Ujiulize pia kama mabinti wataiona ni haki.

Jambo ambalo hukuliuliza: mkeo naye anahitaji wasia. Akitangulia yeye, robo ni yako, mabinti thuluthi mbili, na kinachobaki ni cha asaba wake. Kijana ni mtoto wa dada yake na hatapata kwake pia ila kwa thuluthi. Sheria ya England ya 1975 inampa mjane, na mtu aliyelelewa kama mtoto wa familia, nafasi ya kwenda mahakamani ndani ya miezi 6 tangu kibali kutolewa, akidai hakuachiwa cha kumtosha. Kesi za namna hiyo huletwa na watu waliokuta hesabu siku ya kusomwa wasia. Kwa hiyo kaa na mkeo na karatasi hii ya mafungu 24, namba zikiwa zimeandikwa. Pengine ataona 19,500 ni ndogo akaumia. Pengine atashangaa kwamba 130,000 zilikuwa zake siku zote. Yote mawili ni afadhali uyasikie wewe mwenyewe.

Na ile fomu ya 2023 usiichane, wala wa 2014. Zipeleke zote kwa wakili wa wasia wa Leicester anayejua faradhi, pini zake zikiwa mahali pake.

Wako,
Mshauri